Moyo wa mzazi, prolaktini na eksosomu: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mombasa

Mgonjwa ni mama wa miaka 31, mkazi wa Likoni, aliyejifungua pacha kwa upasuaji. Wiki za mwisho za ujauzito presha yake ilipanda na mkojo ukawa na protini. Alirudi nyumbani akiwa na nafuu, akawekwa ndani kwa arobaini kama ilivyo ada ya pwani: maji ya moto, kukandwa, uji wa pilipili manga. Siku ya 24 aliletwa hospitali ya rufaa kisiwani akiwa ameketi wima, hawezi kulala chali, na sentensi moja anaikata mara mbili ili apumue. Kisa hiki ni cha mfano. Kimejengwa kwa sura ambayo ugonjwa wa misuli ya moyo wa wakati wa uzazi huja nayo, na vipimo vyake si rekodi ya mtu mmoja.

Kimechaguliwa kwa sababu katika ugonjwa huu kazi ya eksosomu, vifuko vidogo vinavyobeba ujumbe kutoka seli hadi seli, inaonekana hatua kwa hatua, kuanzia seli inayozitoa hadi seli inayozipokea na kuumia. Pia familia iliuliza swali ambalo daktari wa moyo anapaswa kuwa na jibu lake tayari: kama eksosomu ndizo zinazobeba ujumbe wa kutibu moyo, kwa nini mgonjwa asichomwe sindano yake?

Siku kumi na nne zilizopita bure

Dalili zilianza siku ya kumi. Miguu ilivimba, ikasemwa ni maji ya uzazi. Alichoka, na nani asichoke na pacha? Alikohoa usiku, zahanati ikampa amoksisilini 500 mg mara tatu kwa siku, kwa siku tano. Kipimo cha malaria kikatoka hasi, akaongezewa vidonge vya damu. Kila jibu lilikuwa na mantiki yake, na ndiyo maana ugonjwa huu hupita katikati ya watu makini. Alipovuka kwenda kukaguliwa kidonda, alisimama mara mbili kabla ya kumaliza mteremko wa feri. Hakuna aliyemuuliza habari hiyo.

Maswali yanayotenganisha moyo na kifua ni machache na hayana gharama. Je, kikohozi huzidi akilala na kutulia akiketi? Je, hugutuka saa nane usiku akitafuta hewa dirishani? Analalia mito mingapi, na kabla ya kujifungua alilalia mingapi? Ana homa? Kikohozi kisicho na homa, kinachozidi mtu akilala, kwa mama aliyejifungua ndani ya miezi mitano iliyopita, kichukuliwe kuwa ni moyo hadi kipimo kiseme vingine. Na pumzi zihesabiwe dakika nzima kwa saa, si kwa kukisia kutoka mlangoni.

Siku ya 24 pumzi zake zilikuwa 32 kwa dakika, mapigo 124, presha 104/72, oksijeni 89%, joto 36.8. Mshipa wa shingo ulikuwa umejaa, mapafu yalikwaruza hadi katikati ya mgongo, na moyo ulitoa sauti ya tatu. Hemoglobini ilikuwa 10.1, upungufu mdogo usioweza kueleza hali hii. NT-proBNP, protini ambayo moyo ulioelemewa huimwaga damuni, ilikuwa 4,800 pg/mL. Damu ya mgonjwa asiye na shida ya ghafla ya moyo huwa chini ya 300. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mwendo wa kasi tu na mawimbi ya T yaliyopinduka.

Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ndicho kilichoamua. Chumba cha kushoto cha moyo kilikuwa kimepanuka hadi milimita 61, na EF, yaani sehemu ya damu inayosukumwa nje kwa kila pigo, ilikuwa 28% badala ya 55 au zaidi. Hakukuwa na bonge la damu ndani. Vali zilikuwa nzima, na hilo lilitafutwa kwa makusudi: kovu la homa ya baridi yabisi kwenye vali ya maitro hujificha kwa miaka hadi ujauzito uliongezee moyo kazi, na matibabu yake ni mengine. Bonge la damu kwenye mapafu nalo liliwazwa, kwa kuwa alikuwa ametoka kwenye upasuaji, lakini upande wa kulia wa moyo haukuwa umeelemewa. Kilichobaki ni ugonjwa wa misuli ya moyo wa wakati wa uzazi. Jina hilo hupewa moyo uliodhoofika mwishoni mwa ujauzito au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, EF ikiwa kwa kawaida chini ya 45%, baada ya sababu nyingine kuondolewa moja moja.

Kifuko cha nanomita mia

Eksosomu ni kifuko kidogo chenye ukuta wa mafuta, kipana kati ya nanomita 30 na 150. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,500 hivi, kwa hiyo hadubini ya kawaida haikioni. Hakichomozi kutoka ukuta wa nje wa seli kama vifuko vingine. Huanzia ndani: kibofu kidogo kilichomo selini hujikunja kuelekea ndani mara nyingi, kikajaa vifuko vidogo, kisha kikaungana na ukuta wa seli na kuvimwaga nje. Ndani yake mna protini, mafuta na vipande vya RNA, na ukutani mna protini kama CD9, CD63 na CD81 ambazo wataalamu huzitumia kuitambua.

Mwaka 1983 makundi mawili, moja la Montreal na jingine la St. Louis, yaliziona chembe changa za damu zikitupa nje vipokezi vya chuma kwa vifuko hivi. Kwa muda mrefu zilidhaniwa ni njia ya seli kutoa taka. Dhana hiyo iligeuka mwaka 2007, watafiti wa Gothenburg, Sweden, walipoonyesha kwamba eksosomu za seli za panya, zikiingia katika seli za binadamu, hupeleka RNA inayofanya kazi: seli za binadamu zilianza kutengeneza protini za panya. Vilikuwamo pia vipande vifupi viitwavyo mikro-RNA, ambavyo havitengenezi protini bali huzuia protini fulani zisitengenezwe.

Katika moyo mazungumzo haya ni mengi. Fibroblasti, seli zinazojenga kovu, hutuma eksosomu zenye kipande cha jamii ya miR-21 (miR ni kifupi cha mikro-RNA) kwa seli za misuli, nazo zikanenepa kupita kiasi. Hilo lilichapishwa Hannover mwaka 2014. Baada ya shambulio la moyo, eksosomu zenye miR-1, miR-208 na miR-499 husafiri kwa damu hadi uboho wa mifupa, zikapunguza kipokezi cha CXCR4 na kuzifungulia seli changa zitoke.

Jinsi ugonjwa huu unavyofika kwenye misuli

Hatua ya kwanza iko ndani ya seli za misuli ya moyo. Mwaka 2007 kundi la Hannover lilionyesha kwamba panya wasio na protini ya STAT3 katika seli hizo hupata ugonjwa huu baada ya kuzaa. STAT3 ikipungua, kinga dhidi ya oksijeni kali hudhoofika, na kimeng'enya cha kathepsini D huongezeka. Hicho huikata prolaktini, homoni ya maziwa yenye uzito wa kilodaltoni 23, na kutoa kipande cha kilodaltoni 16. Prolaktini nzima ni homoni ya kawaida. Kipande hicho huumiza utando wa ndani wa mishipa midogo na kuzuia mishipa mipya isiote.

Kwa muda maelezo yaliishia hapo: mishipa imeumia, msuli umekosa damu. Lakini msuli wenyewe ulionekana kuzimwa, si kunyimwa chakula tu. Mwaka 2013 watafiti wa Liège, Ubelgiji, pamoja na wenzao wa Hannover walijaza pengo hilo. Kipande cha kilodaltoni 16 huzifanya seli za utando wa mshipa zitengeneze miR-146a kwa wingi. Sehemu yake hubaki humohumo ikizuia seli hizo zisizaane. Sehemu nyingine hupakiwa katika eksosomu, na seli za misuli jirani huzimeza. Humo miR-146a hupunguza protini za ERBB4, NOTCH1 na IRAK1, na shughuli za nishati za seli hushuka.

ERBB4 ndiyo inayostahili kukaziwa macho. Ni kipokezi cha neuregulini, kichocheo kinachotoka kwenye utando wa mishipa na kuuambia msuli wa moyo uendelee kuishi na kujirekebisha. Wanaotibu saratani ya matiti wanajua uzito wa njia hii: trastuzumabu hufunga ERBB2, mwenzi wa ERBB4, na ni dawa inayoweza kuudhoofisha moyo. Mshipa ulioumia, kwa hiyo, unaudhuru msuli kwa njia mbili: unapunguza damu, na unatuma kifuko kinachofunga mlango wa uhai.

Katika utafiti huohuo miR-146a ilikuwa juu katika damu ya wanawake wenye ugonjwa huu, lakini haikuwa juu kwa waliokuwa na moyo uliopanuka kwa sababu nyingine, na ilishuka walipotibiwa kwa dawa za moyo pamoja na bromokriptini. Panya waliopewa kizuizi cha miR-146a walipata nafuu huku maziwa yakiendelea kutoka.

Kwa nini mama huyu? Presha ya ujauzito na mimba ya pacha huongeza hatari, na sababu mojawapo ni kondo. Humwaga damuni protini ya sFlt-1 inayonasa kichocheo cha kuotesha mishipa, na kondo la pacha, au la presha, huimwaga zaidi. Mishipa ilikuwa imeshadhoofishwa kabla prolaktini haijakatwa. Urithi nao umo: katika utafiti wa mwaka 2016, wanawake 26 kati ya 172 wenye ugonjwa huu walikuwa na hitilafu katika jeni za misuli, na nyingi zilikuwa katika jeni ya titini.

Matibabu, na mahali yanapoharibika

Saa ya kwanza: akalishwe wima, apewe oksijeni, na furosemaidi, dawa ya kutoa maji, 40 mg mshipani. Mkojo upimwe kila saa na uzito kila asubuhi kabla ya chai. Enalaprili 2.5 mg mara mbili kwa siku ilianza presha ilipoonekana kutulia, potasiamu na kreatinini zikifuatwa. Baada ya kujifungua inaruhusiwa, hata kwa anayenyonyesha, ilhali katika ujauzito ni marufuku. Spironolaktoni 25 mg ikafuata.

Kosa kubwa la saa hizi ni kuona mapigo 124 na kukimbilia bisoprololi, dawa ya kupunguza mapigo. Moyo unaotoa damu kidogo kwa kila pigo unaishi kwa wingi wa mapigo. Ukiupunguza mwendo mapafu yakiwa bado na maji, presha inaanguka na mgonjwa anaingia katika mshtuko. Bisoprololi 1.25 mg ilianza siku ya nne ya kulazwa, mapafu yalipokauka na alipoweza kulala kwa mto mmoja.

Bromokriptini ndiyo dawa inayotokana moja kwa moja na maelezo ya juu. Inazuia tezi ya ubongo isitoe prolaktini. Bila prolaktini hakuna cha kukatwa, na eksosomu zenye miR-146a hukosa chanzo. Katika jaribio dogo la Afrika Kusini lililochapishwa mwaka 2010, wanawake 20 waligawanywa nusu kwa nusu: waliopewa bromokriptini EF yao ilipanda kutoka 27% hadi 58% kwa miezi sita, wengine hadi 36%. Jaribio la Ujerumani la mwaka 2017 lilikuwa na wanawake 63 na lililinganisha wiki moja na wiki nane. Makundi yote mawili yalipanda kutoka 27–28% hadi takriban 50%. Hapakuwa na kundi lisilopewa dawa, kwa hiyo mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2018 uliipendekeza kwa tahadhari, si kwa lazima. Kwa moyo wenye EF 28%, tathmini yetu ni kwamba hoja ya kuitoa ni nzito kuliko ya kuinyima, ilimradi masharti yake yatimizwe.

Sharti la kwanza ni dawa ya kuzuia damu kuganda. Bromokriptini imehusishwa na damu kuganda na viharusi, mzazi damu yake huganda upesi, na chumba cha moyo kisichosukuma vizuri hutuamisha damu. Kiwango cha chini kabisa ni enoksaparini 40 mg kwa siku. Kwa EF iliyo chini ya 35% na kidonda kilichokauka, alipewa kiwango kamili cha 1 mg kwa kila kilo ya uzito kila saa 12. Bromokriptini ilikuwa 2.5 mg mara moja kwa siku kwa siku saba, pamoja na chakula, presha ikipimwa kabla. EF ikiwa chini ya 25%, au upande wa kulia ukiathirika, hutolewa 2.5 mg mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, kisha mara moja kwa siku kwa wiki sita.

Sharti la pili halimo kwenye chati ya dawa: maziwa yatakauka, na pacha wale wapi? Watoto walikuwa na kilo 2.8 kila mmoja. Kwa mililita 150 kwa kilo, kila mmoja anahitaji mililita 420 kwa siku, wote wawili 840. Kopo la maziwa ya unga la gramu 400 hutoa lita tatu hivi, yaani siku tatu na nusu. Hesabu hii ifanywe na familia kabla ya kidonge cha kwanza, kwa sababu kopo likiisha maziwa huongezewa maji, na mtoto huonekana ameshiba huku anakonda. Maji nayo ni suala zito upande wa Likoni, ambako visima vingi vina chumvi. Maji ya kisima cha chumvi yasitumiwe hata yakichemshwa, maana kuchemsha hakutoi chumvi. Yachukuliwe matamu, yachemshwe, unga uchanganywe yakiwa bado na nyuzi 70 au zaidi, na watoto walishwe kwa kikombe ambacho ni rahisi kukisafisha. Mama aliyeamua kuendelea kunyonyesha asilaumiwe: katika utafiti wa Marekani wa wanawake 100, kunyonyesha hakukuonekana kuzuia moyo kurudi, ingawa walionyonyesha walikuwa wachache.

Swali la baba

Siku ya tatu baba yake mgonjwa alimfuata daktari na simu mkononi. Jamaa aliye Ghuba alikuwa amemtumia tangazo. "Dakitari, wasema hizi eksosomu zatibu moyo. Huyu ni mwanangu, na ana wana wawili. Hata kiwanja nitauza."

Jibu la kumwambia "hayo ni ya matapeli" halimtoshi mzee huyu, kwa kuwa ndani ya tangazo mna ukweli. Mwaka 2010 eksosomu za seli za shina zilipunguza jeraha la moyo kwa panya. Mwaka 2014 watafiti wa Los Angeles walionyesha kwamba eksosomu za seli zilizokuzwa kutoka moyoni husaidia moyo wa panya baada ya shambulio, na wakataja kipande kimoja kuwa miongoni mwa vinavyofanya kazi hiyo. Kipande hicho ni miR-146a.

Ndicho kilekile kilichokuwa kikimwangamiza binti yake.

Hakuna ukinzani. Baada ya shambulio la moyo, seli za kinga hufurika na kuchoma tishu, na miR-146a hupunguza moto huo kwa kushusha IRAK1. Katika moyo wa mzazi hakuna jeraha la namna hiyo. Kuna msuli unaotegemea ERBB4, na miR-146a inaiondoa. Ujumbe mmoja hutibu moyo mmoja na kuuharibu mwingine, kutegemea seli iliyoutuma, seli iliyoupokea na siku ulipofika. Kwa hiyo chupa yenye lebo "eksosomu" haijasema lolote hadi iseme zimetoka seli gani, zimebeba nini na zinakusudiwa ugonjwa gani.

Hata njia ya kuziingiza ni tatizo. Zikichomwa mshipani kwa panya, nyingi huishia ini, wengu na mapafu. Kwa nguruwe, mwaka 2017, eksosomu zilizopitishwa katika mishipa ya moyo hazikusaidia. Zilizosaidia ni zile zilizochomwa ndani ya msuli wenyewe. Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya wagonjwa wa Nebraska kupata madhara makubwa kutokana na bidhaa za namna hii, ikasema wazi kwamba haijaidhinisha bidhaa yoyote ya eksosomu. Hapa Kenya swali la kwanza kwa muuzaji ni namba ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu.

Alichoambiwa baba ni hiki: "Mzee wangu, tunachotaka si kumwongezea eksosomu. Tunazima kule zinakotoka, na dawa hiyo ameshaanza jana. Kiwanja kiache. Pesa ulizo nazo ziwe za maziwa ya wajukuu na dawa za moyo za mwaka mzima." Huu ni ushauri wa kitabibu kamili, kwa maana mgonjwa wa aina hii hupotea zaidi kwa kukatiza dawa kuliko kwa kukosa teknolojia mpya.

Je, damu yake ingepimwa eksosomu?

Kwa matibabu yake, hapana. Hakuna kiwango cha miR-146a ambacho daktari anaweza kukitumia wodini. Kwa utafiti, ndiyo, lakini sampuli mbaya ni hasara tupu. Bomba liwe la EDTA au sitrati, kamwe lisiwe la heparini, kwa kuwa heparini huvuruga upimaji wa RNA. Na mgonjwa huyu yuko kwenye enoksaparini, jamii yake, kwa hiyo damu ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ndizo adui mkubwa: bomba likitikiswa au likikaa kwenye joto la Mombasa likisubiri tuktuk, hutoa vifuko vyao na kuzifunika eksosomu za mishipa. Damu izungushwe kwenye mashine ndani ya saa moja, kwa nguvu mara 2,500 ya uvutano wa dunia (2,500 g) kwa dakika 15, plazima ihamishwe bila kugusa tabaka jeupe, izungushwe tena vivyo hivyo, kisha igandishwe kwa −80. Plazima iliyo na rangi ya waridi itupwe, kwani chembe nyekundu zimepasuka.

Baada ya hapo kuna mtego ambao umewanasa wengi. Lipoproteini za damu ni nyingi mno kuliko eksosomu na baadhi yake zinalingana nazo kwa ukubwa, hivyo mashine ya kuhesabu chembe huhesabu mafuta. Sehemu kubwa ya mikro-RNA ya plazima haimo hata ndani ya vifuko. Imeshikamana na protini ya Argonaute2. Na kipimo cha mwaka 2014 kilionyesha kwamba kwa wastani eksosomu moja haina hata nakala moja ya mikro-RNA inayotafutwa. Ripoti inayosema "eksosomu za mgonjwa zina miR-146a" ionyeshe kwanza CD63 na CD81 zipo, ApoB (protini ya lipoproteini) na albumini (protini ya kawaida ya damu) zimeondolewa, na kwamba RNA ilibaki baada ya kimeng'enya cha kuyeyusha RNA ya nje kuongezwa.

Miezi iliyofuata

Aliruhusiwa siku ya tisa ya kulazwa. Wiki ya sita EF ilikuwa 38%, dawa ya kuzuia kuganda ikasimamishwa. Mwezi wa sita ilikuwa 52%. Hapo ndipo wengi huacha dawa, na hapo ndipo haifai. Ziliendelea kwa miezi 12 zaidi, kisha zikapunguzwa moja moja huku eko ikirudiwa. Mama yake na dada yake walipimwa eko kwa ajili ya urithi.

Uzazi wa mpango ulizungumzwa kabla hajatoka wodini, mumewe akiwepo. Vidonge vyenye estrojeni havimfai kwa sababu ya damu kuganda. Alichagua kijiti cha mkononi, na koili ya shaba ingefaa vilevile. EF isipofika 50% ujauzito mwingine haushauriwi kabisa. Yeye ameivuka, lakini moyo uliowahi kuanguka namna hii unaweza kuanguka tena katika ujauzito unaofuata. Wakitaka mtoto mwingine, waje kliniki ya moyo kabla ya kutoa kijiti, kwa kuwa enalaprili na spironolaktoni lazima ziondolewe kwanza na moyo upimwe ukiwa umekaa miezi kadhaa bila dawa hizo.